Kirangozi na Gari Lijiendeshalo

Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora kwenda Ujiji, aliyetangulia njiani ni kirangozi. Penye njia panda aliiziba njia isiyofuatwa kwa tawi la mti, au kwa mstari uliochorwa ardhini, ili wapagazi wa nyuma wasipotee. Kazi yake, basi, ni kuona, kuamua na kutoa ishara.

Kazi za namna hiyo ndizo zikabidhiwazo mitambo ya magari leo: kamera na rada huona, kompyuta huamua, usukani na breki hutii. Lakini kukabidhi huku kuna daraja. Mwaka 2014 chama cha wahandisi cha SAE, Marekani, kilitangaza ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 2 gari hushika usukani na mwendo, ila dereva hana budi kutazama njia daima. Katika ya 3 aweza kuacha kutazama, bali aitike aitwapo. Ya 4 haimhitaji, ila ndani ya mipaka iliyowekwa. Ya 5 haina mipaka.

Kuyaita yote “magari yajiendeshayo” ni hatari: dereva wa ngazi ya 2 akiliamini neno, aweza kuangamia. Yafaa ngazi za 1 na 2 ziitwe “usaidizi wa dereva”, na “kujiendesha” kuanzie ya 3.

Je, mtambo nao uitwe kirangozi? Sarufi yaruhusu, lakini upatanisho utenganishe: “kirangozi huyu” ni mtu, awezaye kuulizwa, “kirangozi hiki” ni chombo, na wa kuulizwa ni aliyekiunda au akitumiaye.