Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

MFANYABIASHARA anayebeba mboga kutoka miteremko ya Mlima Meru kwenda Soko la Kilombero, jijini Arusha, anaijua vizuri hasara ya gari kugoma alfajiri. Nyanya hazisubiri. Ndiyo maana taa ya njano yenye mchoro wa injini inapowaka kwenye dashibodi, wengi hukimbilia gereji na kukubali kununua kifaa chochote watakachotajiwa.

Haraka hiyo ndiyo inayowamaliza. Siku hizi katika gereji za mitaani, kama za Sombetini, si ajabu kumwona fundi akichomeka mashine ndogo chini ya usukani na kusoma namba ya hitilafu. Namba ikitaja sensa, inanunuliwa sensa. Fedha inatoka, taa inazimwa, na baada ya siku chache inawaka tena.

Namba ni dalili, si ugonjwa

Kompyuta ya gari hupokea vipimo kutoka kwenye sensa mbalimbali. Ikiona kipimo kimetoka nje ya kiwango, huhifadhi namba na kuwasha taa. Marekani ililazimisha namba za mfumo mmoja kwa magari madogo kuanzia modeli ya mwaka 1996, na mfumo huo ukaenea duniani. Namba inayoanza na P inahusu injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi pamoja na breki, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari.

Chukua mfano wa P0171. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kupita kiasi ikilinganishwa na mafuta. Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa kupitisha hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi la barabara za vijijini, au pampu ya mafuta iliyochoka. Mpira uliopasuka huonekana kwa macho, wakati sensa mpya ni fedha nyingi.

Kipimo kisicho na gharama

Namba P0301 nayo inaeleza kwamba silinda namba moja haichomi mafuta vizuri. Kwa gari ambalo kila silinda ina koili yake, fundi makini huzima injini, akahamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya pili, kisha akafuta namba na kuliendesha tena. Ikitokea P0302, tatizo limehama pamoja na koili, hivyo koili ndiyo mbovu. Isipohama, anajaribu plagi kwa njia hiyo hiyo, halafu anapima noseli na mgandamizo wa silinda. Hadi hapo hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Magari mengi ya zamani kutoka Japan hayasomwi na mashine za bei nafuu. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, kisha huhesabu taa inavyowaka na kuzima. Kazi hiyo aachiwe anayeijua, kwani kukosea tundu kunaweza kuunguza fyuzi au hata kompyuta.

Mwenye gari afanye nini?

Kwanza, namba iandikwe kwenye karatasi kabla haijafutwa. Kuchomoa betri huzima taa, lakini hufuta pia kumbukumbu ambazo zingemsaidia fundi.

Pili, muulize fundi: "Umepima nini kabla ya kuamua kifaa hiki kibadilishwe?" Asiyekuwa na jibu anabahatisha kwa fedha yako.

Tatu, lipia kazi ya kupima kama kazi kamili. Fundi asiyelipwa kwa kupima hulazimika kutafuta faida yake kwenye kifaa.

Nne, tambua uzito wa taa yenyewe. Ikiwaka bila kukonyeza na gari linakwenda kama kawaida, mara nyingi unaweza kufika gereji taratibu. Ikikonyeza, punguza mwendo na usimame mapema, kwani mafuta yasiyoungua yanaweza kuharibu masega ya eksozi. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, simama mahali salama na uzime injini mara moja.

Haraka haraka haina baraka. Saa moja ya kupima inaweza kuokoa faida ya safari kadhaa za sokoni.