Sukari ya ua na bei ya mbegu ya alizeti

Mkulima wa Singida anayenunua mfuko wa mbegu chotara za alizeti analipia pia kazi ya nyuki. Kwenye shamba la kuzalishia mbegu hizo, mistari ya mimea jike hupandwa kando ya mistari michache ya madume. Majike hayatoi chavua inayofaa, mbinu iliyotokana na ugunduzi wa mtafiti Leclercq huko Ufaransa mwaka 1969. Chavua ya alizeti ni nzito na inanata, upepo hauifikishi mbali. Nyuki ndiye mchukuzi, na kwa jike hakuna chakula cha kumvuta ila nekta. Asipofika, kichwa kinajaa mapepe na kampuni inapata hasara. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wa Bonde la Sacramento, California, hukodi mizinga kwa wafugaji nyuki.

Kichwa cha alizeti ni mkusanyiko wa vijiua vingi vinavyofunguka duara kwa duara, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kwenye kitako cha kila kijiua ipo tezi ya nekta. Utendaji wa tezi za namna hii umefafanuliwa zaidi na watafiti wa jeni. Mwaka 2014, jarida la Nature lilichapisha utafiti uliohusu zaidi gugu dogo liitwalo Arabidopsis: jeni SWEET9 hutengeneza protini inayotoa sukrosi nje ya seli za tezi, na mmea usio na jeni hiyo hautoi nekta kabisa. Sukrosi ikishatoka, kimeng'enya kinachotokana na jeni CWINV4 huikata kuwa glukosi na fruktosi. Sukari hizo huvuta maji, tone likajaa.

Kwa mfanyabiashara, habari kubwa ni ya mwaka 2018. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Fargo, North Dakota, waliihusisha jeni ya alizeti iliyo ndugu wa CWINV4 na wingi wa sukari katika kijiua. Hapo pana fedha. Kupima nekta kijiua kimoja kimoja kunachosha na kunasubiri maua. Jeni husomeka kwenye jani la mche. Urefu wa kijiua nao una uzito wake: kikiwa kifupi, ulimi wa nyuki unafika kwenye nekta kwa urahisi.

Tanzania bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje, na alizeti ndiyo tegemeo letu kubwa la kupunguza mzigo huo. Mnunuzi wa mbegu huelezwa siku za kukomaa, mavuno na kiwango cha mafuta. Nekta nayo inastahili nafasi hapo, kwa kuwa aina inayopendwa na nyuki inamfaa mwenye shamba, mwenye mzinga na mwenye kiwanda cha kukamua. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Ilonga, na kampuni za mbegu waanze kuipima. Nawe mkulima, alizeti ikiwa kwenye maua, usipulizie sumu mchana nyuki wakiwa kazini.