Jaribio la Udongo na Maji: Somo la Maada Linalofundisha Usalama Ziwa Victoria

Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Mwanafunzi wa shule ya msingi huikariri sentensi hiyo mapema, lakini kuielewa ni jambo jingine. Kwa mtoto wa Ukerewe, Sengerema au Jiji la Mwanza, ambaye huvuka maji kwa kivuko au mtumbwi, uelewa huo unaweza kuokoa maisha.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014 Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, inasisitiza umahiri: mwanafunzi aweze kutenda badala ya kukariri tu. Katika sayansi, umahiri hujengwa kwa majaribio, na mengi kati ya hayo hayahitaji maabara.

Jaribio la kuelea na kuzama ni mfano mzuri. Vinahitajika beseni la maji, udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri na vizibo vya soda. Mwanafunzi hufinyanga tonge la udongo na kuliweka majini, linazama. Kisha huchukua udongo uleule, akaufinyanga kuwa bakuli lenye kuta nyembamba, linaelea. Uzito haukubadilika. Kilichobadilika ni nafasi inayochukuliwa na chombo pamoja na hewa iliyomo ndani yake.

Uwiano huo wa uzito na nafasi huitwa densiti. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1. Ya jiwe la matale, ambalo ndilo mwamba wa Bismarck uliopo Mwanza, ni takriban gramu 2.7; na ya chuma ni karibu gramu 7.9. Meli ya chuma huelea kwa sababu umbo lake limezingira hewa nyingi, hivyo densiti ya chombo kizima ni ndogo kuliko ya maji.

Sehemu ya pili ya jaribio ndiyo yenye uzito zaidi. Mwanafunzi hupakia vizibo kimoja kimoja huku akiweka alama mahali maji yanapofikia. Kila kizibo hukididimiza chombo kidogo, hadi maji yanapovuka ukingo na chombo kuzama ghafla. Hurudia kwa kuvirundika vizibo upande mmoja. Safari hii chombo hupinduka kabla ya kufikia idadi ya awali. Anajifunza mambo mawili: mzigo una ukomo, na mpangilio wa mzigo ni muhimu sawa na kiasi chake.

Ziwa Victoria limekwisha kutoa somo hilo kwa gharama kubwa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, na mamia ya abiria walipoteza maisha. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 200.

Aidha, majaribio humzoesha mwanafunzi kuandika alichokiona. Vitabu hueleza kuwa maji huchemka kwa nyuzi joto 100, lakini kipimajoto katika sufuria jijini Mwanza huonesha takriban nyuzi 96. Kipimo hicho ni sahihi. Uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo maji huchemka mapema. Mwanafunzi aliyezoea kuamini kipimo atauamini pia ukomo wa abiria ulioandikwa kwenye chombo.

Walimu, wazazi na walezi wanakumbushwa kuwa majaribio ya kuelea yafanyike kwenye beseni, si ziwani, na yale ya moto yasimamiwe na mtu mzima. Wananchi nao wanahimizwa kuepuka kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, kuvaa vifaa vya kujiokolea na kutii maelekezo ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini. Kanuni iliyokizamisha chombo cha udongo kwenye beseni ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi ziwani.