Siafu Wapo, Ndege Hayupo

Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kundi la siafu linapotoka kuwinda hutandaa juu ya majani makavu, na kila mdudu aliyejificha humo, awe panzi, mende au buibui, hulazimika kutimka ili kuokoa maisha yake. Hapo ndipo alethe wa kifua cha kahawia, ndege mdogo wa jamaa ya kurumbiza anayeishi katika tabaka la chini la msitu, yaani kwenye vichaka na miche iliyo kivulini mwa miti mikubwa, hupata riziki yake: hutua kwenye kijiti karibu na ardhi, mbele ya safu ya siafu, hutulia akitazama, kisha hushuka ghafla, humdaka panzi anayekimbia na kurejea juu kabla siafu hawajampanda miguuni. Anachotegemea kwa siafu si nyama yao, bali hofu wanayoitia msituni.

Kwamba msitu huu umekatwa ukabaki na vipande vilivyotengana, kama Malava na Kisere, ni habari ya siku nyingi. Kinachosumbua akili ni matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na mtafiti Marcell Peters pamoja na mwenzake Bonny Okalo, ambayo yanaonyesha kuwa katika vipande vidogo ndege wanaofuata siafu walipungua vibaya ingawa siafu wenyewe hawakutoweka. Kilichobadilika ni aina ya siafu. Dorylus wilverthi, anayehitaji msitu, aliadimika, na Dorylus molestus, anayevumilia hata mashamba, akaongezeka. Malkia wa siafu hana mabawa, na koloni jipya huzaliwa pale koloni la zamani linapogawanyika na sehemu yake kuhama kwa miguu. Kwa hiyo kwa siafu wa msituni, shamba linalotenganisha vipande viwili ni kizuizi kikubwa mno.

Jambo hili linastahili uzito kuliko linavyopewa, kwa sababu mtu anaweza kuingia kwenye kipande cha msitu, akaona miti imesimama na siafu wanapita, akaamini kuwa hakuna kilichopungua. Ni kitu gani hasa ambacho alethe hukipata kwa wilverthi na kukikosa kwa molestus? Na miti ikipandwa kuunganisha vipande hivyo, je, ndege waliosalia watadumu hadi siafu wao wafike kwa miguu?