Safari ya Mbali: Tubebe Vifaa Gani Kwenye Gari la Kikundi?



Vikundi vyetu vingi vya Thika na Ruiru hukodi pikapu au matatu kwenda mbali. Wengine huenda kuhiji Subukia, wengine hufuata mbuzi Mwingi na Garissa. Tunajua sana kupanga nauli, chakula na maombi. Lakini ni nani huuliza kama gari lina jeki?

Sisi hatukuuliza. Tulikuwa na kikundi cha akina mama tukirudi na mbuzi usiku. Kabla hatujafika Mwingi tairi ya nyuma ikapata pancha. Kumbe tairi ya spea haikuwa na upepo. Wili spana iliyokuwamo ilikuwa ya gari lingine, haikushika nati. Jeki nayo ikazama mchangani. Tulilala hapo mpaka asubuhi, dereva wa lori akatuhurumia. Mbuzi watatu walikuwa wamekufa kwa kubanana. Pesa zilikuwa za mkopo, na akina mama walilipa mpaka shilingi ya mwisho.

Kutoka Thika hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 300. Mpaka Matuu na Mwingi utapata fundi. Ukishapita Mwingi, jua ni kali na gereji ni chache. Usitegemee kupata huko feni belti ya gari lako. Basi kabla ya kuondoka tuangalie haya:

1. Magurudumu. Tairi ya spea ipimwe upepo kama zile nyingine nne. Jaribuni wili spana kwenye nati mkiwa nyumbani. Bebeni jeki, pampu, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki ili isizame. Wakati wa kubadilisha, weka mawe kwenye magurudumu mengine, legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo uinue. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ukishabadilisha, kaza nati kwa kukingama, halafu zikazwe tena baada ya mwendo kidogo.

2. Maji na oili. Bebeni jerikeni ya lita 20 ya maji ya rejeta, na maji ya kunywa mbali. Oili ya injini lita moja au mbili, na mafuta ya breki. Gari likichemka, zimeni injini na mngoje ipoe. Ukifungua kifuniko cha rejeta ikiwa moto, maji hutoka kwa nguvu na kuchoma uso. Tumewaona watu waliochomeka hivyo.

3. Spea ndogo ndogo. Feni belti, mpira wa rejeta na klipu zake, fyuzi, balbu, na plagi kama gari ni la petroli. Zote ziwe za gari hilo hilo. Muulizeni dereva au fundi kabla ya kununua.

4. Vifaa vya mkono. Spana za saizi mbalimbali, bisibisi, plaisi, nyundo, waya, vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia, kamba ya kuvuta, panga na tochi yenye betri mpya. Simu zichajiwe, lakini msizitegemee, maana kuna mahali hakuna network.

5. Usalama. Sheria inataka gari liwe na laifseva mbili. Gari likikwama, ziwekwe mbele na nyuma, mbali na gari, ili dereva anayekuja aone mapema. Abiria wote washuke, wasimame kando kabisa ya barabara. Msisahau sanduku la huduma ya kwanza na kizimamoto.

6. Petroli. Jazeni tangi kabla ya sehemu isiyo na vituo. Msibebe petroli kwenye mtungi wa plastiki ndani ya gari pamoja na watu, kwa sababu mvuke wake ndio unaoshika moto. Tukumbuke Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009, ambapo lori la petroli lilipoanguka, watu zaidi ya 100 waliokuja kuteka waliungua na kufa.

Mtasema, pesa za hayo yote zitoke wapi? Si lazima mnunue siku moja. Kikundi kinaweza kuweka kitu kidogo kila mkutano, na kununua kifaa kimoja kimoja mpaka sanduku lijae. Sanduku hilo ni mali ya kikundi, hata kama gari ni la kukodi. Chagueni mtu mmoja wa kulitunza, awe na orodha, ahesabu siku mbili kabla ya safari na tena mkirudi. Siku hiyo ya kwanza pia akague gari. Mwenye gari akikataa likaguliwe, tafuteni gari lingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Feni belti ni bei ndogo ukilinganisha na mbuzi watatu, na mbuzi ni bei ndogo ukilinganisha na mtu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
– Safari yetu ya mwisho, nani alikagua gari?
– Kati ya vifaa hivi, tuna vipi tayari nyumbani?
– Nani atatunza sanduku, na tutaanza kuchanga lini?

Mungu awabariki na awalinde safarini.