Themostati ya Injini ya Dizeli: Jinsi ya Kuchagua Iliyo Imara

Si jambo geni, katika Eneo la Viwanda la Thika au kando ya barabara kuu ipitayo Ruiru, kuona lori au matatu imesimama, kifuniko cha injini kimeinuliwa na mvuke watoka. Mwenye gari hulaumu rejeta, au pampu ya maji, au jua. Lakini mara nyingine kosa limo katika kidude kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni themostati. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na vipuri vingine vya injini, bali hasara iletwayo na iliyo mbovu yaweza kumfikisha mtu kwenye kununua kichwa kipya cha injini. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari la dizeli, awe mkulima apelekaye maziwa na kahawa, au karani mwenye pikapu yake, ajue namna ya kuichagua.

KAZI YAKE

Themostati ni kama bawabu aliyewekwa mlangoni, kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto upesi. Maji yakifika joto lililowekwa, mlango hufunguka kidogo kidogo, maji yakaenda kwenye rejeta kupozwa.

Kinachoufungua mlango huo ni nta. Imo ndani ya kichupa cha shaba, imechanganywa na unga wa shaba ili ipokee joto kwa haraka. Nta ikiyeyuka huvimba kwa nguvu nyingi, ikasukuma pini, na pini ikaufungua mlango. Nta ikipoa hunywea, na springi ikaufunga mlango tena. Ufundi huu ulibuniwa Marekani na Sergius Vernet mwaka 1934, na hata leo magari mengi duniani hutumia njia hiyo hiyo.

UBAYA WA KUIONDOA

Wako mafundi wasemao kwamba nchi yetu ina joto, na kwa hiyo themostati haina kazi hapa. Wakiikuta imeharibika huitoa na kuitupa. Shauri hilo si jema, na kwa injini ya dizeli ni baya zaidi.

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Kuta za silinda zikiwa baridi, dizeli haiungui yote. Nyingine hutoka kama moshi mweupe, na nyingine huteremka ikachanganyika na oili, ikaipunguzia uzito wake. Hapo ringi na silinda hulika kabla ya wakati, na mafuta hutumika mengi kuliko yapasavyo. Tena dizeli haitoi joto jingi inapounguruma bila mzigo. Matatu ingojayo abiria stendi asubuhi ya mwezi wa Julai, bila themostati, yaweza kukaa muda mrefu isipate joto lake.

Liko jambo la pili, ambalo wengi hawalitambui. Injini nyingi zina njia ya pembeni irudishayo maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na themostati yake ina kisahani cha pili, upande wa chini, kinachoziba njia hiyo mlango mkubwa unapofunguka. Ukiitoa themostati ya namna hiyo, njia ya pembeni hubaki wazi siku zote. Sehemu ya maji moto hurudi injini bila kupozwa, na gari lipandapo mlima na mzigo huchemka. Mtu aliondoa kidude ili gari lisichemke, kumbe ndiyo sababu lachemka.

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

Kwanza, ichukue ile ya zamani uende nayo, pamoja na namba ya injini iliyoandikwa kwenye karatasi. Jina la gari peke yake halitoshi, maana gari la jina moja laweza kuwa na injini za namna mbalimbali.

Pili, soma namba ya joto iliyopigwa juu ya chuma chenyewe. Katika injini nyingi za dizeli za magari madogo na pikapu ni kati ya 76 na 88, yaani nyuzi za Sentigredi ambazo mlango huanza kufunguka. Ukiona 180, hiyo ni hesabu ya Farenhaiti, nayo ni sawa na 82. Fuata namba iliyotajwa na kitabu cha gari lako. Usinunue ya chini ukidhani kwamba utaipoza injini. Themostati huamua mlango ufunguke lini, bali nguvu ya kupoza ni ya rejeta, feni na pampu.

Tatu, zilinganishe mpya na ya zamani kwa kuziweka pamoja. Upana uwe sawa, urefu uwe sawa, na kama ya zamani ina kisahani cha chini, mpya nayo iwe nacho.

Nne, tazama kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza pembezoni. Hicho ni cha kupitisha hewa wakati wa kujaza maji. Kikikosekana kwenye injini iliyokihitaji, hewa hunaswa ndani na injini hupata joto kwa ghafula.

Tano, angalia utengenezaji wake. Iliyo imara ina fremu nene isiyopindika kwa vidole, springi yenye nguvu, na mlango unaokaa sawasawa pande zote. Inue juu uielekeze kwenye mwanga: kama mwanga wapenya pembeni mwa mlango, irudishe. Mpira wa ukingoni uwe laini, usiwe na nyufa. Namba iliyofifia, au sanduku lenye herufi zilizokosewa, ni dalili ya bidhaa bandia. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, lakini mlinzi wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Nunua kwa mwenye duka anayekupa stakabadhi na ambaye utamkuta pale pale kesho.

KUIJARIBU KWA SUFURIA

Mafundi wazuri hawaitii themostati kabla ya kuijaribu, hata ikiwa mpya. Jaribio hili mtu aweza kulifanya jikoni kwake, akiwa na sufuria, uzi na kipimajoto.

Itie kwanza katika maji ya moto mpaka ifunguke, upitishe uzi mlangoni, kisha uitoe ipoe. Ikijifunga itaubana uzi barabara, isipoubana, haifai. Sasa ining'inize kwa uzi huo katika sufuria ya maji baridi, isiguse chini wala pembeni, maana chuma cha sufuria ni moto kuliko maji. Pasha moto polepole ukikoroga. Mlango utakapofunguka, uzi utaachia na themostati itaanguka. Soma kipimajoto papo hapo. Namba ikipishana na ile iliyopigwa kwa nyuzi mbili au tatu, hapana neno. Ikipishana kwa nyuzi kumi, irudishe dukani.

Hapa yawapasa watu wa Thika na Ruiru kukumbuka jambo moja. Mji wa Thika uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,500. Kwa sababu hiyo maji katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100 kama kule Mombasa. Themostati hufunguka kabisa baada ya nyuzi 10 hadi 15 kupita ile namba yake. Kwa hiyo iliyopigwa 82 itakuwa karibu imefunguka yote, na katika injini nyingi mlango wapasa uwe umeinuka milimita 8 au zaidi kwenye nyuzi 95. Lakini iliyopigwa 88 haitafunguka yote katika sufuria ya Thika, hata ukiichemsha mchana kutwa. Usiitupe kwa sababu hiyo. Itazame tu kama ilianza kufunguka mahali pake na kama hujifunga ipoapo.

Ndani ya injini mambo ni mengine, kwa kuwa kifuniko cha rejeta huyabana maji, nayo yaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Hii ndiyo sababu kifuniko kilicholegea huleta taabu zaidi huku milimani kuliko pwani. Ubadilishapo themostati, kikague na hicho.

WAKATI WA KUITIA

Ngoja injini ipoe kabisa. Kufungua kifuniko cha rejeta kingali moto kumewaunguza wengi. Safisha mahali pa kukalia mpaka chuma kiwe safi. Kichupa cha nta kielekee upande wa injini, na kitundu cha hewa kiwe juu. Tia gasketi mpya, na kaza bolti kwa zamu, maana ukikaza upande mmoja kifuniko chake huvunjika.

Kisha usijaze maji ya kisima matupu. Maji yenye chumvi huacha magamba, na hata themostati iliyo bora haitadumu ikiganda kwa kutu na magamba. Tumia dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, na uibadilishe kwa wakati wake.

Mwisho, washa injini ukatazame geji. Sindano yapasa kupanda, ikatulia mahali pamoja. Katika magari mengi, mpira wa juu wa rejeta hubaki baridi kwa muda, kisha hupata joto kwa ghafula. Hapo wajua kwamba mlango umefunguka. Ukipata moto polepole tangu mwanzo, mlango haukufungwa. Ukibaki baridi hali sindano yazidi kupanda, zima injini mara moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lori lililobeba maziwa ya jirani zako halina nafasi ya kusimama njiani. Saa moja ya kuchagua na kujaribu kidude hiki ni heri kuliko majuma ya kungojea kichwa cha injini kinyooshwe.