KWA NINI DAMU HUCHUKULIWA KABLA YA DAWA

Mama amefika hospitali na mtoto wake, mwili wamwaka moto na pumzi zaenda mbio. Ataka dawa upesi. Lakini daktari atwaa sindano na kuvuta damu kwanza. Hapo manung'uniko huanza: "Mtoto hana nguvu, na damu yake mwaichukua!" Basi yafaa sababu yake ielezwe.

Homa haisemi imeletwa na nini. Wengi wetu tukitetemeka kwa baridi twasema ni malaria tu. Huko Kilifi, tangu mwaka 1998 hata 2002, madaktari walipima damu ya watoto waliolazwa hospitalini. Katika watoto waliofia humo, zaidi ya robo walikuwa na bakteria katika damu, nao waliwazidi hata wale waliokuwa na malaria.

Bakteria wakiingia katika damu, mwili hupigana nao. Lakini pengine vita hivyo huugeukia mwili wenyewe, vikadhuru mapafu, figo na moyo. Hali hiyo huitwa sepsisi, nayo yaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Damu iliyochukuliwa hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, ikawekwa penye joto kama la mwili. Wakiwamo, huzaana. Aghalabu huonekana katika siku 2 za kwanza, ingawa chupa huangaliwa hata siku ya 5. Kisha hujaribiwa kwa dawa mbalimbali, ili ijulikane ni ipi iwezayo kuwaua. Mgonjwa akitanguliziwa dawa, huenda bakteria wasiote chupani, na daktari akabaki kubahatisha. Lakini dawa haingoji majibu: hutolewa mara damu ikiisha kuchukuliwa, na majibu yakija yaweza kubadilishwa.

Viko na vipimo vya upesi, kama hesabu ya chembe nyeupe za damu, au protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930. Hivyo hutoa dalili ya vita mwilini, wala havitaji jina la adui.

Na damu yenyewe ni kiasi gani? Kwa mtu mzima ni kama vijiko 2 vya chai kwa kila chupa. Kwa mtoto mchanga hata kijiko kimoja hakijai.

Aliyekwisha kumeza vidonge vya dukani na amwambie daktari kabla ya sindano, hata kikiwa kidonge kimoja, na karatasi yake amwonyeshe.